Mashine Mpya, Boti Kuukuu

Mwezi Januari 2025 msharika wetu mmoja aliniomba nikabariki boti yake. Kwa mchungaji wa mjini hilo si jambo la ajabu. Nimebariki daladala, bajaji, mashine za kusaga, maduka ya Kariakoo ambayo sasa siwezi kuyahesabu, na mara moja friza ya kuhifadhia samaki. Watu wetu hawapendi kuanza jambo bila Mungu, nami sipendi kuwakatalia. Lakini boti ile ilinitia katika swali ambalo sikuwahi kujiuliza mbele ya daladala wala friza. Ninaponyoosha mkono juu ya kitu na kuomba, nasema nini hasa? Na je, ni halali kumwomba Mungu abariki kitu ambacho mimi na mwenye nacho tumekubaliana kimya kimya kutokukitazama?

Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, ya mwendo kasi, na umri wake ulikuwa umekwenda. Enzi zake ilikuwa ikipeleka wageni visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Baadaye mashine ikafa, mwenyewe akachoka, ikavutwa mchangani upande wa Kigamboni na kufunikwa turubai. Ikakaa hapo miaka. Msharika wetu, ambaye ana duka la spea Kariakoo, upande wa Gerezani, akaiona kwa jicho la mfanyabiashara. Umbo lake lilikuwa bado zuri, ile pua ndefu iliyochongoka, na bei ilikuwa ya kutupa. Akainunua.

Mashine yake ya zamani ilikuwa ya hospawa 60, ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli. Yeye akapata ya mtumba ya hospawa 115, ya kisasa zaidi, nzito karibu mara mbili ya ile. Akaniita dukani niione kabla haijavushwa. Waliifunga kwenye kigari cha mbao, wakatumbukiza mguu wake ndani ya pipa la maji, wakaiwasha. Pale Gerezani, ambako kelele za nyundo na grainda hazinyamazi tangu asubuhi, mashine ile ilinguruma hadi vijana wapitao na mizigo kichwani wakasimama kutazama. Maji yakaruka kutoka kwenye pipa yakatulowesha. Sote tulicheka. Msharika akaniambia, "Mchungaji, hii ikifika baharini hakuna wa kunishika. Na fungu la kumi utaliona." Akaongeza kwamba safari ya kwanza ingekuwa ya kwaya ya vijana, mwezi Februari, bure kabisa. Jumapili iliyofuata niliitangaza safari hiyo mimi mwenyewe, na vijana wakapiga vigelegele kanisani.

Ijumaa kabla ya siku ya baraka nilipanda kivuko Magogoni nikaenda kuiona boti. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe na mstari wa buluu, inameremeta. Aliyekuwa akiishughulikia ni mzee mmoja mwenyeji wa Mafia, fundi wa vyombo tangu ujana wake, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Aliniita Padri. Nilimsahihisha mara mbili kwamba sisi Walutheri tunaitwa wachungaji, akaitikia vizuri, kisha akaendelea kuniita Padri.

"Padri, njoo usikie kitu," aliniambia. Akachukua nyundo, akaigeuza, akagonga ubavu wa boti kwa mpini. Ko, ko, ko. Sauti kavu. Akanipeleka nyuma, kwenye tezi. (Wasomaji wa bara wanisamehe: tezi ninayosema si ile ya hospitali, ni sehemu ya nyuma ya chombo, kama omo ilivyo ya mbele.) Akagonga pale ambapo mashine mpya ilikuwa imeshafungwa kwa bolti nne. Bu, bu. Kama kugonga papai lililoiva mno.

Akanieleza. Ukuta wa nyuma wa boti ya faiba si faiba tupu. Katikati yake huwekwa mbao, maana ndizo zinazoishika mashine. Faiba ni ngozi, mbao ni mfupa. Sasa boti hii ilipokuwa mchangani, maji ya mvua yalipenya kwenye matundu ya skrubu za zamani ambazo mtu alizing'oa asiyazibe. "Watu wanadhani bahari ndiyo huozesha mbao," alisema. "Chumvi huihifadhi mbao. Inayoozesha ni mvua, maji baridi, tena yale yaliyokosa pa kutokea."

Nikamuuliza kama mwenye boti anajua. "Nimemwambia. Kasema tupake rangi, ifanye kazi kwanza, hela ikipatikana tutaifungua."

Ningependa kuwaambia kwamba nilichukua simu palepale. Sikufanya hivyo. Nilirudi mjini nikijijengea hoja. Mimi si fundi. Mwenye mali ameshaambiwa. Tangazo limeshatolewa. Nikisema sasa ataona namdhalilisha, na ni mtu mwema kwa usharika. Tena, nani aliniambia kwamba huyu mzee hatafuti kazi ya kuongeza bili? Wazo hilo la mwisho ndilo linaloniaibisha kuliko yote, kwa kuwa nilijua si kweli tangu nilipoliwaza.

Jumapili alasiri nikabariki boti. Niliomba vizuri, nasema kweli. Nilimtaja Yesu aliyelala kwenye shetri katika Injili ya Marko, sura ya 4, na dhoruba iliyomtii. Watu wakasema Amina kwa nguvu. Kisha tukapanda watu sita, tukaenda kama robo saa kwa mwendo mdogo na kurudi salama. Yule mzee fundi hakupanda. Alisema anakwenda kuswali alasiri. Tuliporudi alikuwa bado amesimama palepale mchangani, mikono nyuma, akitutazama tunavyokuja.

Usiku ule sikulala sawasawa. Ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu jengo la ghorofa liporomoke Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, na kuua watu zaidi ya 25. Wachungaji wa mjini tuliingia nyumba za misiba wiki ile. Na sisi watu wa Dar es Salaam, hata pasipo jengo, tunajua bahari inaweza kufanya nini. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit iliondoka hapa bandarini kwenda Zanzibar ikapinduka karibu na Chumbe, na watu wengi wakapotea. Chombo kile kilikuwa kimefanya kazi ya mwendo kasi kule Marekani, katika maji ya jimbo la Washington, kabla ya kuuzwa na kuletwa kwetu mwaka 2011. Sisemi kwamba kitu kilichotumika ni dhambi. Sehemu kubwa ya mji huu inaishi kwa vitu vilivyotumika, na mashati mengi tunayovaa ibadani yametoka kwenye marobota. Nasema tu kwamba nilikuwa na orodha ya vijana 14 wa kwaya, na mikono yangu ilikuwa imenyooshwa juu ya rangi.

Nikafungua kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 13. Huko Mungu anawakasirikia manabii kwa sababu watu wanajenga ukuta dhaifu, na manabii wanakuja kuupaka chokaa. Nimewahi kuihubiri sura hiyo, nikawasema manabii wa siku hizi wauzao maji na mafuta. Usiku ule niliona kwamba Ezekieli hasemi chochote juu ya mafuta. Anasema juu ya mtu wa Mungu anayeona ufa na kuufanya upendeze.

Jumatatu asubuhi nilikwenda Kariakoo. Nilimkuta akihesabu fani belti. Nikamwambia niliyoyasikia Ijumaa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, jambo lililokuwa baya kuliko kama angenifokea:

"Mchungaji, si umeibariki wewe mwenyewe jana? Mbele ya watu?"

"Nimeibariki."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa jana ulikuwa unamwambia Mungu nini?"

Sikuwa na jibu la kitheolojia. Nilimwambia kwamba jana nilimficha Mungu kitu anachokiona, na nilimficha yeye kitu ambacho alitaka kufichwa, na kwamba vijana hawatapanda boti ile. Akasema basi, kama ni hivyo, hata kile nilichombariki nacho siku ya ndoa yake huenda kilikuwa rangi. Akageukia mteja.

Lakini Jumatano alivuka kwenda Kigamboni, na yule mzee akatoboa tezi kwa keekee, tundu moja dogo. Unga uliotoka kwenye mbao nzima huwa mweupe na mkavu. Huu ulitoka wa kahawia, unyevunyevu, mfano wa ugoro. Walipokata ngozi ya ndani wakaikuta mbao inachoteka kwa mkono. Niliitwa nije nione, na nikaona. Sehemu kubwa ya ukuta ulioshika mashine ya hospawa 115 ilikuwa ni faiba mbili nyembamba na matope katikati.

Nilimuuliza mzee swali la kijinga: mbona ile mashine ya zamani ilikaa pale bila kung'oka? Akanifundisha jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Nguvu yote ya mashine, alisema, huingia kwenye boti kupitia zile bolti. Propela inasukuma maji nyuma, mashine inataka kwenda mbele, na kinachoisukuma boti ni ule ukuta wa tezi peke yake. Mashine dogo huusukuma kidogo. Ukuta uliooza nusu unaweza kuivumilia miaka kumi. Weka mashine kubwa, chapa wimbi moja ukiwa kwenye mwendo, na ukuta unafunguka kama bahasha. "Uozo haukuongezeka, Padri. Nguvu ndiyo iliyoongezeka."

Hapo ndipo nilipolielewa, nadhani kwa mara ya kwanza, neno la Bwana Yesu juu ya divai mpya na viriba vikuukuu katika Marko 2. Siku zote nililihubiri kama habari ya mapokeo: ibada za zamani na Roho mpya, wazee na vijana. Lakini Yesu anasema kitu cha kawaida sana. Divai mpya ina nguvu. Ngozi kuukuu ingeweza kukaa na maji au divai iliyopoa. Ni nguvu inayoipasua. Nasi tunaombeana nini kila Jumapili, hasa sisi wa mjini? Tunaombeana mashine kubwa. Cheo, tenda, mtaji, viza, duka la pili, karama ya kunena. Mara chache sana mtu huniomba nimwombee apigwe kwa mpini wa nyundo nyuma, aone kama kuna sauti. Nimeona ndugu aliyekuwa mwaminifu kwa shilingi elfu hamsini za kikundi, tukamshangilia, tukampa uweka hazina wa mamilioni, kisha tukashangaa. Tulisema pesa imemharibu. Labda pesa haikumharibu. Labda ilichapa wimbi.

Wiki zile nilikumbuka meli nyingine, ambayo Watanzania tunaijua. MV Liemba ilijengwa mwaka 1913 kule Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikashushwa katika bandari yetu hii, wakati kanisa la Azania Front lilikuwa tayari limesimama pale ufukweni. Ikaenda kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa, ikashuka ziwani Februari 1915. Ilikuwa ni vita ileile iliyoiachia Kariakoo jina lake, kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito, kwa tumaini kwamba siku moja itainuliwa. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na injini zile za mvuke zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli.

Tazama mambo haya mawili. Meli moja ilikaa chini ya ziwa miaka karibu minane na moyo wake ukasalimika, kwa kuwa walioizamisha hawakujidanganya: walijua wanaizamisha, wakafunika kile kilichohitaji kufunikwa. Boti nyingine ilikaa mchangani, chini ya turubai, haikuzama hata siku moja, ikaoza kupitia tundu la skrubu. Katika usharika wangu wako watu waliozama mbele ya macho yetu wote. Aliyefungwa. Aliyezaa nje. Mlevi ambaye kila mtu anajua jina lake. Mara nyingi nimewahesabu hao kuwa ndio kazi ngumu ya mchungaji. Sasa nawaogopea zaidi tuliokauka vizuri mchangani, tunaoimba kwa sauti, tuliopakwa buluu na nyeupe.

Mmoja wa wazee wa kanisa niliyemsimulia haya alinipinga, na kipingamizi chake kina uzito kwa Mlutheri. Alisema: "Mchungaji, si tunafundisha kwamba Mungu hutupokea kama tulivyo? Ukisema boti itengenezwe kwanza ndipo ibarikiwe, si umeturudisha kwenye matendo?" Nililala na swali hilo. Jibu langu, kwa kadiri nilivyolipata, ni kwamba tulichanganya vitu viwili. Mwenye boti hahitaji kutengeneza chochote ili Kristo ampende. Alipendwa akiwa na tezi iliyooza na atapendwa hivyo. Mimi pia, na Ijumaa yangu ile. Luther alifundisha kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, na bila neno hilo nisingethubutu kupanda madhabahuni. Lakini abiria hawapandi juu ya msamaha wangu. Wanapanda juu ya mbao. Neema ni ya mtu. Jirani anadai ukweli. Katika maandishi yake ya mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, Luther anaeleza kwamba kwa imani Mkristo yuko huru kabisa, na kwa upendo ni mtumishi wa wote. Mimi nilitumia uhuru wa msharika wangu kuwafunga macho vijana 14.

Tena, maungamo si matengenezo. Hili nalisema kwa wale wanaoogopa kuja kwa mchungaji kwa kuwa hawajarekebisha maisha yao. Yule mzee hakuomba mbao zijirekebishe ndipo atoboe. Alitoboa, unga wa kahawia ukatoka, basi. Kuungama ni kuacha tundu litobolewe na kutokuita ugoro kwa jina la mbao. Mwaka 1518 kule Heidelberg Luther alisema kwamba mwanatheolojia wa msalaba ni yule anayekiita kitu kwa jina lake halisi, wala haiti ovu jema. Niliisoma hoja hiyo chuoni nikaifanyia mtihani na nikafaulu. Kwenye mchanga wa Kigamboni aliyeiishi alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye nyundo.

Kazi ilichukua muda kuliko ilivyotarajiwa. Walichokora mbao zote zilizooza, wakaacha ukuta wazi ukauke, wakaweka mbao mpya tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya faiba, wakaziba kila tundu la zamani. Masika ikawakuta katikati, unyevu ukazuia gundi kukauka, wakasimama wiki nzima kusubiri jua. Gharama ilikaribia bei aliyoinunulia boti. Msimu ukampita. Kwaya ya vijana walikwenda Bagamoyo kwa Coaster, wakanung'unika njia nzima, na baadhi yao mpaka leo wanaamini mchungaji ndiye aliyewanyima bahari. Ni kweli.

Jumapili moja, kabla ya ungamo la dhambi, nilisimama nikawaambia washarika kwamba nilibariki kitu nikijua kina kasoro. Sikutaja cha nani, ingawa kila mtu alijua. Baada ya ibada bibi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Pole, baba," akapita.

Boti ilirudi majini mwezi Julai. Niliambiwa na fundi, ambaye safari hii alipanda, akakaa nyuma kabisa, mkono wake juu ya tezi. Mwenye boti hakuniita. Anasali nasi bado, ingawa siku hizi huja ibada ya kwanza, ile ya alfajiri, ambayo mara nyingi huongozwa na mwinjilisti. Tukikutana Kariakoo tunasalimiana. Mwezi uliopita nilipita dukani kwake nikamkuta amewasha mashine nyingine ndani ya pipa, ya mteja fulani mwenye boti ya zamani huko Kunduchi. Nilisimama kando na wale vijana wa mizigo nikisikiliza. Alipoizima alimgeukia mteja wake, na kabla ya kutaja bei nilimsikia akimuuliza tezi yake mara ya mwisho ilifunguliwa lini.